Vidonda vya tumbo: kabla ya kumnyima mama pilipili, uliza anameza dawa gani

Ndugu uliyeuliza kuhusu mama yako wa Malindi, pole. Umesema ana vidonda vya tumbo, ameachishwa pilipili, ndimu na achari, na bado hapati usingizi kwa maumivu. Nimeuguza wagonjwa Lamu miaka mingi, na wa namna hii humuuliza kwanza: magoti au mgongo ukikuuma, unameza nini?

Tumbo lenyewe hutoa asidi kali kuliko ndimu, ndani ya maji ya kusagia chakula yanayofika lita 2 hivi kwa siku. Asidi hiyo ingelila tumbo lenyewe kama si ute mzito unaofunika ukuta wake kwa ndani. Ukuta nao hujivua chembe zake na kuota mpya kila baada ya siku chache. Ute huo hutengenezwa kwa amri ya kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, na hizo hizo ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu ya goti. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzizima mwili mzima. Goti linapoa, tumbo linabaki bila kinga. Hata ukichomwa sindano ni yale yale, maana dawa hupitia damuni. Wachukuzi wa bandarini na kina bibi wa magoti huzinunua dukani bila cheti na kuzimeza miezi na miezi. Inaniuma sana, kwa sababu hakuna anayewaambia.

Chanzo cha pili cha vidonda ni bakteria, Helicobacter pylori. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren walimtambua huko Perth, Australia, mwaka 1982. Marshall alimnywa kwa makusudi mwaka 1984, tumbo likamvimba kwa ndani, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu hujichimbia kwenye ute na kutoa amonia inayozima asidi iliyomzunguka. Hupimwa kwa choo au kwa pumzi. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, huweza kumficha, kwa hiyo mwambieni daktari mapema kama mama anaitumia. Kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo. Akionekana, hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na omeprazoli, na dozi imalizwe hata maumivu yakiisha mapema.

Pilipili haitoboi tumbo. Ikimchoma aiache, isipomchoma mwacheni ale samaki wake wa kupaka. Mtu mzima akinyimwa ladha huishia kukataa chakula. Kuna aliyeshauri mama anywe maziwa; hayo hutuliza kwa muda mfupi, kisha huamsha asidi zaidi.

Kama anatumia aspirini ya moyo, asiiache bila daktari. Na akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, mpelekeni hospitali usiku huo huo.