Ukilinganisha vipindi vya Roma, anza na mshahara

Nilipoanza kusoma historia ya Roma nilijaza kaunta buku nzima majina ya makaisari: upande huu "wazuri", upande ule "wabaya". Siku moja mpwa wangu akaipekua, akaniuliza, "Mjomba, sasa mtu wa kawaida alikuwa analipwa ngapi?" Nikabaki namtazama.

Tangu siku hiyo nikiulizwa namna ya kulinganisha vipindi vya dola ya kale, nasema: tafuta kitu kimoja kilichokuwepo muda wote, ukifuate. Mimi nilifuata denari, sarafu ya Kirumi.

Enzi za Augustus, yule wa sensa katika Injili ya Luka, denari ilikuwa karibu fedha tupu. (Kiswahili kimetuwahi hapa: pesa na madini yake, neno ni lile lile.) Askari wa legioni, yaani kikosi kikuu cha jeshi la Roma, alilipwa denari 225 kwa mwaka. Mwaka 64 BK Kaisari Nero akapunguza uzito wa denari na fedha iliyomo. Leo tungesema kachakachua. Waliomfuata nao wakamega. Mwaka 215 Caracalla akatoa sarafu iliyohesabiwa denari mbili, ilhali fedha yake haikufika ya denari mbili. Kufikia mwaka 270 sarafu hiyo ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu juu.

Halafu mwaka 301 Diocletian akatangaza bei elekezi, na adhabu ya kuzikiuka ni kifo. Humo kibarua wa shamba amepangiwa denari 25 kwa siku, chakula juu ya mwajiri. Nikachukua kalamu: 225 gawanya kwa 25. Siku tisa! Mshahara wa mwaka mzima wa askari wa Augustus, kibarua huyu anaupata kwa siku tisa.

Ila usikimbilie kusema walikuwa matajiri, wala kwamba dola ilishakufa. Denari ya 301 ilibaki jina la kuhesabia tu, na sehemu kubwa ya kodi ilikusanywa kwa nafaka na mali nyingine, si kwa sarafu. Muda mfupi baadaye Constantine akaleta solidi, sarafu ya dhahabu, 72 kwa ratili moja ya Kirumi, ikadumu imara kwa karne nyingi.

Kaunta buku ninayo bado. Diocletian nimemfuta na kumhamisha mara tatu. Sasa nimemwandika katikati, juu ya mstari wenyewe.