Kuzunguka Jinja kwa baiskeli

Ndugu, umeuliza kama siku tatu zinatosha kuzunguka Jinja, na kama utoke Kampala ukiendesha. Zinatosha. Lakini tafadhali, ile barabara kuu usiiendeshe. Ni kilomita 80 hivi za malori yanayokwenda Malaba na Busia kwenye mpaka wa Kenya, na dereva anayepita mwenzake ndani ya msitu wa Mabira hamwachii mwendesha baiskeli nafasi. Pakia baiskeli kwenye gari, anza safari yako Jinja.

Siku ya kwanza zunguka mjini: majengo ya zamani ya Wahindi kwenye mtaa mkuu wa mji, kisha shuka chanzo cha Nile. Maporomoko ya Ripon aliyoyaona mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1862 hutayakuta. Yalimezwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa 1954.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Fuata ukingo wa mashariki kuelekea kaskazini, upite Bujagali hadi maporomoko ya Itanda, kama kilomita 30. Huko mto bado unanguruma wenyewe, na mimi ningekaa hapo hadi saa nane mchana. Njia ni ya murramu, kwa hiyo chagua tairi pana. Machi hadi Mei mvua huigeuza tope. Januari na Februari ni bora, ingawa vumbi lipo. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, ule rolekisi (chapati iliyokunjwa na mayai) njiani, na uwe umerudi mjini kabla ya giza.

Siku ya tatu pumzisha miguu, au zunguka mashamba ya miwa ya Kakira.