Wiki ya chuo: usitafute waandishi, kamata majibu yanayopotea kwenye magrupu

Mkuu umeuliza mambo matatu kuhusu kuanzisha wiki ya chuo, yaani tovuti ambayo wanafunzi wenyewe wanaiandika na kuihariri: utumie programu gani, watu wa kuandika utawapata wapi, na iwe ya Kiswahili au Kiingereza. Mimi nilikuwa mmoja wa walioijenga ya chuoni kwetu kanda ya ziwa na mpaka leo inahaririwa na madogo ambao hata kwa sura siwajui, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona. Naanza na hilo la pili maana ndo linaloamua kama wiki itaishi au itabaki ukurasa wa mwanzo wenye nembo ya chuo na hakuna kitu nyuma yake.

Waandishi unao tayari. Fungua grupu lolote la WhatsApp la darasa kipindi cha usajili, utakuta mtu anauliza "jamani kontrol namba ya bima inatolewa wapi", hazijapita dakika mbili mwenzake kashamjibu hatua kwa hatua, ingia kwenye akaunti yako ya usajili, nenda malipo, usichague ada chagua bima, ile ya afya ya NHIF (enzi zetu ilikuwa 50,400), ikitoka namba lipa kwa simu halafu risiti piga skrinshoti kwa sababu mfumo huwa unachelewa kusoma na dirishani watakudai. Jibu limenyooka kabisa. Kesho yake limeshazikwa chini ya stika na matangazo ya fellowship, anakuja mwingine anauliza hilohilo, na mwakani linaulizwa tena ila yule aliyekuwa anajibu kashamaliza, yuko mtaani. Yaani chuo kizima kinaandika kila siku, tena kinaandika vizuri, shida kinaandikia mahali pasipotunza kitu.

Kwa hiyo sisi hatukupita madarasani kuomba watu "waje kuchangia makala". Tulianza na ma-CR (viongozi wa madarasa) wachache wenye moyo, kila mmoja abaki kwenye magrupu yake yale yale. Akiona jibu zuri anamfuata inbox aliyeliandika, anamwomba, "hili naliweka kwenye wiki, sawa?", analinakili, analipanga kidogo, halafu anarudisha linki kwenye grupu. Swali likiulizwa tena hajibu kwa maneno, anatupa linki. Hapo kuna kitu kinatokea ambacho wengi hawakitegemei, yule mwenye jibu lake anaingia kuangalia limekaaje, anaona kuna sehemu imepinda, anabonyeza hariri anainyoosha, na tayari umeshampata mwandishi bila semina wala soda. Wahariri wetu wazuri karibu wote waliingilia mlango huo, walikuja kutetea sentensi yao.

Ukurasa uliotubeba ni wa mageto, vyumba vya kupanga nje ya chuo. Hosteli hazitoshi, hilo kila mtu analijua, mwanafunzi anashuka stendi na begi hajui mtaa hata mmoja, anadakwa na dalali ambaye anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Tukatengeneza ukurasa mmoja kwa kila mtaa unaozunguka chuo. Siyo maelezo marefu, ni vitu ambavyo mtu anataka kuvijua kabla hajatoa hela: bei ya chumba kimoja bila samani, LUKU ya umeme ni ya kwako au mnachangia mita moja na jirani mwenye friji, maji yanatoka au unanunua ndoo, geti linafungwa saa ngapi, bodaboda usiku mpaka getini shilingi ngapi, mvua ikinyesha njia inapitika au unavua viatu. Kila mstari una mwezi na mwaka ulioandikwa, kwa sababu bei ya chumba bila tarehe ni uongo unaosubiri muda wake.

Kuna mtaa mmoja mtu aliandika "maji masaa 24". Siku mbili tatu mbele mpangaji wa nyumba hiyo hiyo akaja akafuta akaandika maji Jumanne na Ijumaa alfajiri tu, beba madumu. Yule wa kwanza akarudisha. Tukaenda kwenye historia ya ukurasa, tukaona akaunti ya kwanza imehariri nyumba moja tu na kila mara inaisifia, haijagusa kitu kingine. Hatukumfungia. Tulimwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba kama yeye ndo mwenye nyumba anakaribishwa aseme hivyo na aweke bei yake sahihi, ila habari ya maji itaandikwa na wanaoyachota. Akakubali, na alikuwa anaandika bei mpya mwenyewe kila mwanzo wa muhula. Sasa hicho grupu la WhatsApp haliwezi kukupa hata siku moja, historia ya nani alibadilisha nini na lini na mahali pa kubishania pembeni bila kuharibu ukurasa.

Watu wakishaamini kurasa za mageto, kurasa nyingine zinajivuta zenyewe. Kusaini bumu (hela ya mkopo), sapu (mitihani ya marudio) zinafanywaje na ukikosa kwa kuumwa unapeleka barua kwa nani, steshenari ipi inatoa kopi mpaka saa nne usiku, fildi (mafunzo kwa vitendo) ukipangiwa mkoa wa mbali unafanyaje. Usidharau vitu vidogo vidogo. Nimeona wiki za vyuo zimeanza na "Historia ya chuo chetu" na "Muundo wa utawala", hayo yapo kwenye tovuti ya chuo na hakuna anayeyatafuta saa tano usiku.

Kama unataka mfano mkubwa wa dunia kasome habari za Davis Wiki. Ilianzishwa 2004 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Davis, Philip Neustrom na Mike Ivanov. Walichofanya sawasawa ni kutoishia getini mwa chuo. Waliandika mji mzima, sehemu za kula, wenye nyumba, miti, mitaa, mpaka wenyeji ambao hawakuwahi kusoma pale wakaingia kuandika. Baadaye, 2010, taasisi ya Knight Foundation ikawapa dola 350,000 wajenge programu ya LocalWiki ili miji mingine ifanye vilevile. Nakwambia hili kwa sababu mwanafunzi anakaa miaka mitatu anaondoka, lakini mama mwenye steshenari yupo palepale miaka yote, fundi simu yupo, bodaboda wa kijiwe cha getini wapo. Wale ndo kumbukumbu ya kweli ya eneo, ukiwaacha nje wiki yako kila mwaka inaanza upya.

Halafu usiweke kamati ya kupitisha kila kitu kabla hakijaonekana. Najua utashawishika, hasa ukienda kuongea na utawala watakwambia "kila kinachowekwa kipite kwanza kwa afisa habari". Kabla ya Wikipedia kulikuwa na Nupedia, ensaiklopidia ya mtandaoni iliyoanza 2000, kila makala ilipitiwa na wataalamu kwa hatua saba, na mwaka wake wa kwanza ilitoa makala 21. Wikipedia ikafunguliwa Januari 15, 2001, kila mtu anaandika kwanza na kusahihishana baadaye, na ndani ya mwaka mmoja ilikuwa na makala kama elfu 18. Wanafunzi wako wana haraka kuliko hao, mtu akiandika saa hizi na akasubiri siku nne kuona mstari wake harudi tena. Kinachohitajika ni watu wawili watatu wenye tabia ya kufungua "Mabadiliko ya karibuni" kila asubuhi kama wanavyofungua status. Kitu kibaya kinarudishwa kwa kubonyeza mara moja.

Na acha kurasa nusu nusu zionekane. Kwenye MediaWiki, programu tuliyotumia sisi, ukiweka linki ya ukurasa ambao haupo inatokea nyekundu, hiyo nyekundu ni mwaliko. Mtu hawezi kuanza na karatasi nyeupe, ila akikuta "Kutoka stendi mpaka chuoni: panda daladala ya ___, shuka ___" mkono unamwasha.

Kuna mipaka ambayo lazima uiweke siku ya kwanza kwa maandishi, tena hapa sina utani. Kwanza, malekchara. Watu watataka kuwapa maksi malekchara, nani mkali nani anafelisha. Sisi tulikataa kabisa. Wiki inaeleza kozi, ina testi ngapi, vitabu gani vinatumika, inahitaji ujue nini kabla, haimjadili mtu. Tuhuma za rushwa au za ngono zina njia zake na zinahitaji ushahidi na ulinzi wa anayelalamika, ukurasa ambao mtu yeyote anaweza kuuhariri siyo mahali pake, utamwumiza aliyeonewa kuliko aliyeonea. Na kisheria uko kwenye moto, hapa Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo namba za simu za watu, namba za usajili, matokeo ya mtu, picha za watu bila ridhaa, vyote marufuku. Kuna pia kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilizoandikwa upya 2020, zinazungumzia leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kaulize kabla hujanunua domeini (jina la tovuti) usije ukaitwa ofisini.

Pili, mitihani ya nyuma na noti za malekchara. Hilo litakuwa ombi namba moja na kila mtu atakwambia bila hivyo watu hawaji. Siyo kweli, walikuja. Zile ni mali ya walioziandika na ya chuo, ukizipakia umempa utawala sababu ya kukufungia tovuti yote. Andika zinapatikana wapi, maktaba rafu gani, idara ipi inatoa nakala. Tatu, leseni. Weka chini ya kila ukurasa kwamba maandishi ni CC BY-SA 4.0, yaani yeyote anaweza kuyatumia akitaja chanzo na kuyatoa kwa leseni hiyohiyo, na uiweke kabla mtu wa kwanza hajaandika, maana ukija kuibadilisha baadaye inabidi umtafute kila aliyechangia umwombe, na nusu yao wapo mikoani huko wameshabadilisha namba.

Programu sasa. Kama mna hosting (nafasi ya kukodi ya kuweka tovuti) ya bei rahisi tu na hakuna mtu anayejua databesi, chukua DokuWiki, haina databesi kabisa, kila ukurasa ni faili la maandishi, bekapu ni kunakili folda. Sisi tulichukua MediaWiki, ileile inayoendesha Wikipedia, kwa sababu mbili: madogo wakizoea hapo wanaweza kwenda moja kwa moja kuandika Wikipedia ya Kiswahili, na menyu zake zimeshatafsiriwa, unaandika $wgLanguageCode = "sw"; kwenye LocalSettings.php, faili la mipangilio yake, basi. Chukua toleo la LTS, yaani linalotunzwa kwa muda mrefu, 1.43 lilitoka Desemba 2024. VisualEditor, inayomwezesha mtu kuhariri kama anaandika Word, inakuja nayo tangu 1.35, iwashe, maana ukimwonyesha mtu mabano ya mraba ya kodi za wiki siku ya kwanza umempoteza. Ongeza MobileFrontend, muonekano wa simu, kwa sababu wataandikia kwenye simu, tena kwa bando la usiku. Picha zipunguzwe kabla ya kupakiwa, mtu asimalize MB zake kuangalia ubao wa matangazo.

Spamu itakuja, andaa mapema. Wiki mpya ikiwa wazi maroboti yanaijaza matangazo ya kamari na dawa. Zuia kuhariri bila akaunti ($wgGroupPermissions['*']['edit'] = false;) na washa nyongeza ya ConfirmEdit kwa kapcha ya maswali (jaribio la kutofautisha mtu na roboti), QuestyCaptcha. Uliza vitu vya hapo hapo: kituo cha daladala getini kinaitwaje, cafeteria ya chini watu wanaiitaje. Roboti hajui, mwanafunzi anajibu bila kufikiri. Hakikisha na barua pepe za seva zinafika, watu wanasahau paswedi kuliko unavyodhani.

Kinachoua wiki nyingi za vyuo ni mahafali. Aliyenunua domeini kamaliza, kadi iliyokuwa inalipia ni yake, mwaka ukifika hakuna anayelipa, kila kitu kimezima na bekapu iko kwenye laptop iliyouzwa. Kila mwaka mtafute wawili wa mwaka wa kwanza, siyo wa tatu, muwape uadmini wa kweli pamoja na paswedi ya seva, na mmoja wao arudishe tovuti yote kutoka kwenye bekapu kwenye kompyuta tupu mbele yenu. Bekapu yenyewe ni vitu vitatu, mysqldump (nakala) ya databesi, folda ya images na LocalSettings.php, na ikae sehemu zaidi ya moja. Kama chuo kitakubali kuwapa subdomeini chini ya anwani yao ya ac.tz ni nafuu kubwa kwenye malipo, ila wekeni kwa barua kwamba uhariri uko mikononi mwa wanafunzi.

Lugha nadhani umeshaona msimamo wangu. Kurasa za maisha ziwe Kiswahili, kile watu wanachoandika kwenye grupu, usimsahihishe mtu "geto" kuwa "chumba cha kupanga". Majina ya fomu, kozi na vitufe vya mfumo yaache kama yalivyoandikwa dirishani, maana huko ndo atakutana nayo. Wageni wakihitaji Kiingereza wataomba, na wetu mmoja kutoka Burundi aliishia kutafsiri ukurasa wa vibali vya kuishi mwenyewe.

Ukianza kuinstoo na ikagoma, weka hapa maandishi ya kosa kama yalivyo na toleo la PHP la seva yako, ila futa kwanza mstari wa $wgDBpassword, wenye paswedi ya databesi.