Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuomba Kutangazwa Muflisi

SWALI: Asalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Kwa miaka tisa nimekuwa nikinunua machungwa kwa wakulima wa Muheza na kuyapeleka Dar es Salaam. Msimu uliopita gari lilikwama njiani siku tatu, mzigo ukaoza, na tangu hapo biashara haijasimama tena. Benki inanidai shilingi milioni 17, na dhamana ni nyumba ninayoishi na mume wangu. Barua yao ya kunipa siku 60 niliipokea wiki mbili zilizopita. Kikoba chetu kinanidai milioni 3 na nusu, wakulima milioni 2 na laki 6, na mkopeshaji wa mtaani, hawa wanaoitwa kausha damu, alinipa milioni 1 na nusu ambayo sasa anasema imefika milioni 4, na kadi yangu ya benki anayo yeye. Kaka yangu ananishauri niende mahakamani nikatangazwe kuwa nimefilisika, ila kabla ya hapo nimwandikie yeye kiwanja changu cha Pongwe, na fedha niliyobakiwa nayo nikimalizie kikoba, kwa sababu wanakikoba ni majirani na naona haya kupita mbele yao. Je, nifanye hivyo? Nyumba itapona? Naogopa pia kufungwa.

Mama Machungwa, Ngamiani

JIBU: Wa alaykum salaam, mama, na pole sana kwa msiba huo wa biashara.

Kiwanja cha Pongwe usimwandikie kaka yako. Najua anakushauri kwa mapenzi, lakini ushauri huo ndio unaoweza kukugeuza kutoka mtu aliyepatwa na hasara kuwa mtu aliyedanganya. Mahakama ikishakutangaza muflisi, mali zako zote huingia mikononi mwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali za aliyefilisika, na moja ya kazi zake ni kutazama nyuma: nini kilihamishwa, kwa nani, kwa bei gani, na lini. Kiwanja kilichohamishiwa kwa ndugu bila malipo wakati madeni yamekwishakuzidi hurudishwa, na wewe utasimama kizimbani, chini ya kiapo, ukiulizwa kwa nini ulifanya hivyo. Kuficha mali ili wadai wasiipate ni kosa la jinai, ilhali kushindwa kulipa deni peke yake si kosa.

La kikoba linauma zaidi, kwa sababu nia yako ni njema. Hata hivyo, sheria ya ufilisi imejengwa juu ya jambo moja: wadai wasio na dhamana wagawane kilichopo kwa uwiano wa madeni yao, isipokuwa madai machache yaliyotangulizwa na sheria, kama vile kodi na mishahara ya wafanyakazi. Ukikimalizia kikoba leo na kesho ukawasilisha ombi mahakamani, utakuwa umewapendelea majirani na kumwacha mkulima wa Muheza ambaye naye alikukopesha machungwa yake kwa kukuamini tu, na mfilisi anaweza kwenda kuwadai wanakikoba fedha hiyo mlangoni kwao. Fikiria haya hiyo itakuwa ya namna gani. Afadhali uende kwenye kikao chao, uwaonyeshe hesabu yako nzima, na uwaambie ukweli kwamba hulipi kwa sasa kwa sababu huruhusiwi kumchagua wa kumlipa.

Sasa nyumba, na hapa nakuomba usome polepole. Madeni yako yote, kwa hesabu uliyonipa, ni milioni 27 na laki 1, na kati ya hizo milioni 17 ni za benki. Benki yenye rehani husimama nje ya foleni: kutangazwa kwako muflisi hakuizuii kuuza nyumba iliyowekwa dhamana, na bei isipotosha, upungufu ndio itakaoudai pamoja na wengine. Maana yake ni kwamba ombi unalotaka kulipeleka mahakamani lingekusaidia kwa milioni 10 na laki 1 tu, tena sehemu ya hizo, kama nitakavyoeleza, huenda hata hudaiwi. Kwa maoni yangu hiyo ni bei kubwa mno kwa kinga ndogo namna hiyo, na wakati wa kuilipa haujafika.

Kinachokuhimiza ni zile siku 60, ambazo zinatokana na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na kati yake 14 zimekwishapita. Nenda benki wiki hii, usimtume mtu, ukiwa na barua yenye pendekezo: kurefusha muda wa mkopo, kupunguza rejesho la mwezi, au wewe mwenyewe kukiuza kiwanja cha Pongwe kwa bei ya soko, kwa mkataba ulioshuhudiwa na wakili, na fedha yake iende moja kwa moja kwenye mkopo. Yeyote utakayezungumza naye, omba jibu kwa maandishi. Tafuta pia mkataba wa rehani uone kama mumeo alitia saini ya ridhaa, kwa maana sheria hiyo inataka ridhaa ya mwenza pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, na ikiwa haikutolewa, wakili atakuwa na jambo zito la kusema.

Wako watakaokwambia kwamba nyumba ya kuishi haikamatwi kwa deni. Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaizuia nyumba inayokaliwa na mdaiwa na familia yake isikamatwe katika kukaza, yaani kutekeleza, hukumu ya kawaida, lakini kinga hiyo haimgusi aliyewekewa rehani. Wala usidhani itakufuata ndani ya ufilisi, ambako orodha ya vitu anavyoachiwa muflisi ni fupi sana: zana za kazi, nguo na matandiko yake na ya familia, navyo kwa thamani yenye kikomo.

Kuhusu kausha damu: pamoja na barua yako umeambatisha nakala ya ukurasa wa daftari lako la kaunta. Nimeona majina ya wakulima, kila mmoja na idadi ya matenga yake, na mstari wa kalamu nyekundu pale ulipokwishalipa. Kazi safi kabisa. Lakini chini ya ukurasa umeandika tu «yule bwana, 4,000,000», bila tarehe wala kiasi ulichokwishampa. Keti leo ujaze hapo: siku aliyokupa fedha, kiasi kilichofika mkononi mwako, na kila alichochota kwa kadi yako. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha hutakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambako watu wa namna yake wamewekwa. Muulize leseni yake; kilichozidi ukomo huo ndicho nilichosema huenda hudaiwi. Kadi ifungie benki na uombe nyingine; huhitaji ruhusa yake.

Kufungwa usikuogopeshe kiasi hicho. Polisi hawakamati mtu kwa deni la madai. Mahakama inaweza kuamuru mdaiwa awekwe gerezani kama mfungwa wa madai, lakini ni baada ya hukumu, baada ya kuitwa ajieleze, na kwa kawaida anayepelekwa ni yule anayeonekana kuwa na uwezo akakataa kulipa au aliyeficha mali. Unaona tena kwa nini nimeanza na kiwanja.

Ikiwa benki itakataa kila kitu na ukaamua kuendelea, ombi hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo ina masjala hapo hapo Tanga, chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na usimamizi wa mali huangukia upande wa serikali kupitia RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Utatakiwa kutoa maelezo kamili ya mali, madeni, majina ya wadai na dhamana walizonazo. Utahojiwa mahakamani hadharani. Na ukishawasilisha ombi huliondoi bila ruhusa ya mahakama. Hali ya umuflisi haiishi yenyewe: ni lazima uombe kuachiliwa, na hadi hapo huruhusiwi kukopa bila kumwambia anayekukopesha, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya mahakama. Kama ada ya wakili ni tatizo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu kwa wasio na uwezo. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya jiji wakuelekeze.

SWALI: Nilimdhamini shemeji yangu mkopo wa boti. Akitangazwa muflisi, nami nimepona?

Mvuvi, Sahare

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kuachiliwa kwa muflisi hakumwachilii mdhamini wake, na mkopeshaji anaweza kukujia wewe kwa deni zima ulilolitilia saini. Ila ukilipa, unaingia katika orodha ya wadai wa shemeji kwa kiasi ulichotoa, hivyo tunza kila risiti, na jina lako na kiasi hicho viandikwe katika maelezo atakayoyapeleka mahakamani. Mwombe akuonyeshe maelezo hayo kabla hajayaapia.