Nimebandika kodi ya watu kwenye IDE, imekuwa nyekundu tupu

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nipo Dodoma. Nilipokuwa fildi nilikuta hospitali wanatumia OpenMRS kutunza rekodi za wagonjwa, nikaambiwa kodi yake (maandishi yanayoiunda programu) ni ya wazi, yeyote anachukua bure. Basi nikaingia GitHub, tovuti ya kuwekea kodi, nikadaunlodi zip ya openmrs-core, nikafungua IntelliJ IDEA (ndiyo IDE yangu, programu ya kuandikia kodi) nikaanzisha projekti mpya ya Java, nikakopi mafolda yote nikabandika ndani ya folda la src. Nyekundu tupu! Kila faili ina erori. Nimefuta nikarudia mara tatu, bando nalo ndo hilo limekata. Shida ni laptopu yangu au kodi yenyewe mbovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Laptopu haina kosa na kodi haina kosa, ila wewe umefanya kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba iliyokwisha halafu akaingia sebuleni akaanza kuchimba msingi. Projekti ipo tayari! Ukianzisha mpya umeshaharibu hata kabla hujabandika kitu.

Angalia faili moja tu, Patient.java. Lenyewe linakaa api/src/main/java/org/openmrs, na mstari wake wa package (unaotaja folda lake) unasema org.openmrs, basi. Sasa wewe umeliweka ndani ya src yako, IDE inahesabu njia kuanzia hapo, inaona api.src.main.java.org.openmrs, majina hayafanani, inakupigia nyekundu. Na hata ungeyapanga vizuri bado usingetoka, maana kodi inaita Spring na Hibernate na maktaba nyingine kibao (kodi za watu wengine) ambazo hazimo kwenye ile zip, hakuna anayezibeba humo. Zimeandikwa majina na matoleo tu, kwenye faili linaitwa pom.xml, na kazi ya kuzifuata mtandaoni ni ya Maven, programu ya kujenga projekti za Java, sio yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Hizo projekti tatu futa. Ile zip nayo achana nayo, haina historia ya Git (programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya kodi), ukitaka kesho kuvuta mabadiliko mapya utaanza upya tena. Tumia git clone, amri ya kunakili projekti pamoja na historia yake, na kwa kuwa bando ni la kuunga unga ongeza --depth 1 ili ushushe hali ya sasa tu bila historia yote ya nyuma (na hii kodi ina historia ndefu, mradi ulianza 2004, na mwaka 2006 Eldoret pale Kenya walikuwa wameshaanza kuutumia). Weka kwenye folda la njia fupi, mfano C:\kodi, sio Desktop ndani ya New folder ndani ya New folder nyingine, Windows inachoka njia ikifika herufi 260 na mafolda ya Java ni marefu balaa.

Halafu kwenye IntelliJ usiguse New Project kabisa. Nenda File, Open, chagua lile pom.xml la nje kabisa, sio la ndani ya api wala webapp, itakuuliza, jibu Open as Project. Hapo tulia. Chini kulia utaona kimstari kinatembea, hizo ni maktaba zinashuka, zinaenda kukaa kwenye folda la .m2, na mara ya kwanza ni nyingi kwa hiyo fanyia kwenye WiFi ya chuo. Nyekundu utaziona bado, usianze kurekebisha kitu, zinapungua zenyewe. Wanaotumia Eclipse kwao ni File, Import, Existing Maven Projects, mambo ni yaleyale.

Kikishatulia nenda Project Structure uangalie umechagua JDK (vifaa vya kujengea programu za Java) ipi, README (faili la maelezo ya projekti) inasema wanataka toleo gani, fuata hilo, sio lile ulilonalo toka mwaka wa kwanza.

Sasa kuna kitu kimoja kinatesa watu sana huku kwetu. Umeme ukikata au bando likiisha katikati, Maven inaandika kwamba maktaba fulani imeshindikana, inaacha kifaili chenye mwisho wa .lastUpdated, na ukiwasha tena haijaribu, inakuletea erori ileile wakati mtandao upo! Mimi niliwahi kupoteza jioni nzima hapo nikilaumu rauta. Dawa yake fungua teminali andika mvn -U clean install -DskipTests, hiyo -U inailazimisha ikaulize upya, na kuruka testi (majaribio ya kodi) kunaokoa muda maana ziko nyingi.

Kuhakikisha imekaa, bonyeza kulia kwenye PatientTest, testi mojawapo, uirun. Ikitoa kijani umeshamaliza. Ukiwasha webapp na kufungua localhost:8080/openmrs ukakuta ukurasa mkavu unaosema hakuna moduli ya muonekano, usishtuke, hiyo ni core (kiini) peke yake, zile skrini ulizoziona hospitali ni moduli nyingine zinazoongezwa juu.

Ukikwama tena usinitumie picha ya skrini nyekundu nzima. Nitumie mstari wa kwanza wenye neno ERROR, ya chini yake mara nyingi ni watoto wa huohuo.

SWALI: Nikiibadilisha naruhusiwa kumuuzia mtu mwenye zahanati?

JIBU: Ruksa. Leseni yake ni MPL 2.0 (Mozilla Public License), kuuza haikatazi, ila mafaili yao uliyoyagusa yanabaki chini ya leseni hiyohiyo, na huyo mteja unampa njia ya kupata kodi ya mafaili hayo. Mafaili mapya uliyoandika mwenyewe toka mwanzo, bila kukopi ya kwao, unaweza kuyawekea masharti yako.