Kujitia moyo kwa mashujaa si utoto

Dada, salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Umeuliza kama ni utoto, wewe mama wa watoto watatu, kujishikiza kwa habari za daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi, anayejulikana kwa kutibu wanawake waliobakwa vitani, na hadithi za Sungura wakati biashara yako ya makala (makaa ya kupikia) imekufa na mume anakucheka.

Si utoto. Ila Mukwege unamwangalia upande mmoja tu: Tuzo ya Nobel ya 2018, makofi, suti nzuri. Hapo utajiona mdogo. Mimi napenda mwaka 2012. Oktoba hiyo watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, hapa hapa Bukavu. Mlinzi wake akauawa, naye akakimbia nchi pamoja na jamaa yake. Aliogopa, kama mimi na wewe. Wamama maskini wakauza mananasi na vitunguu ili kuchangia tiketi yake ya ndege, na Januari 2013 akarudi Panzi. Kwangu mashujaa wa kisa hicho ni wale wauza mananasi, ambao wengi wetu hata majina yao hatuyajui.

Sungura mwachie watoto jioni, umeme ukikatika (na lini haukatiki?). Anashinda kwa akili, lakini pia ni mwongo, basi usimwige unapopima makala!

Kesho tafuta wamama wawili watatu wa sokoni mwanzishe likelemba, yaani kuchanga pesa na kuzipokea kwa zamu, hata ya franga 1000 kwa siku. Mume wako naye, msimulie kwanza kisa cha mananasi, halafu acheke akitaka.