Barua kwa mwanangu: Gazeti la jirani yako

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Huku Tanga hatujambo, na goti la mama yako limetulia. Umeniuliza habari za yule mzee wa Kichina, jirani yako hapo Monterey Park, karibu na Los Angeles: yuko Marekani miaka 30 na ushei, watoto wake wanasheria, simu anayo, lakini kila alfajiri anatoka na kandambili kuokota gazeti la Kichina. Unasema labda nchi bado haijamkaa.

Hilo mimi nalijua kwa mikono yangu. Kabla hujazaliwa niliyasambaza magazeti hayo miaka miwili, kuanzia saa tisa usiku, hapo hapo na mji wa jirani, Alhambra. Herufi hata moja sikuijua. Nilichojua ni uzito: siku za kazi jepesi, Jumamosi kama tofali. Na uzito huo haukuwa wa habari. Nyumba zinazouzwa, daktari wa meno anayesema Kikantoni, wakili wa karatasi za uhamiaji, mgahawa unatafuta mpishi na chumba cha kulala kipo. Mama mmoja wa duka la mikate ndiye aliyekuwa akinisomea, naye gazeti alilianzia nyuma.

Hata mji wenyewe ulitangazwa hivyo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 ilikuwa imeshafungua mlango, ndipo miaka ya 70 dalali Frederic Hsieh akaanza kutangaza kwenye magazeti ya Hong Kong na Taiwan kwamba Monterey Park ni Beverly Hills, ule mtaa wa matajiri, ya Wachina. Wakaja, wengi wakiwa na fedha na elimu zao. Chinatown, ule mtaa wa Wachina mjini, hawakuipitia, walishukia moja kwa moja kwenye nyumba zenye bustani. Mwaka 1976 kampuni ya magazeti ya Taiwan ikaanzisha gazeti la Kichina, World Journal, huko Marekani.

Sasa fikiria maisha ya mitaa hiyo. Chinatown ukitoka mlangoni umeshakutana na watu. Hapo ulipo ni barabara pana na majani yaliyokatwa vizuri, na bila gari huendi popote. Mzee kaletwa na mwanawe, mchana kutwa yuko na runinga asiyoielewa. Baraza hakuna, kahawa hakuna. Atajuaje nani kafariki, nani kafungua duka, diwani kasema nini? Miaka ya 80 wapo wenyeji waliopigia kelele mabango ya Kichina madukani, na hata nilipofika mimi yule mama wa mikate alikuwa bado anafuatilia kila kikao cha halmashauri ya mji gazetini. Kiingereza chake kilitosha kurudisha chenji tu.

Usije ukadhani ni magazeti ya malaika. Sing Tao, gazeti jingine la Kichina, lilianzishwa Hong Kong 1938 na Aw Boon Haw, tajiri wa ile dawa ya kuchua yenye picha ya chui milia. Mwaka 2021 tawi lake la Marekani lilitakiwa na serikali ya huko lijisajili kama wakala wa nchi ya nje. Wasomaji wanajua lipi linaegemea wapi. Wapo waliokuwa wakinunua mawili na kuyagombanisha mezani.

Wajukuu wa mzee wako sidhani kama watalirithi. Herufi zake ni zile za zamani, zenye mistari mingi, na wanaokuja siku hizi kutoka China bara wamesomea zilizorahisishwa, tena habari zao wanazipata WeChat, programu ya simu ya Wachina.

Nilikuwa na mteja wa kona, bibi aliyeishi peke yake. Asubuhi moja nikakuta gazeti la jana bado liko kwenye majani, limelowa. Nikatupa la siku hiyo nikaenda zangu, nina nyumba 200 za kumaliza. Siku ya tatu ndipo nikagonga kwa jirani. Bibi alikuwa ameanguka jikoni. Alipona, lakini mpaka leo nikikumbuka nahisi aibu.

Mwombe mzee akuonyeshe ukurasa anaouanzia. Na ukiona saa nne imefika gazeti bado liko nje, gonga.

Baba yako